Tangi Tupu la Shelui

Zuhura alinipigia simu asubuhi moja ya masika nikiwa jikoni kwangu hapa Singida mjini, mikono imejaa povu la sabuni. Hakuzunguka. "Dada Naomi, Baba katutoka. Tumemzika jana." Nikakaa kwenye kigoda. Baba yake, Bwana Nassoro wa Shelui, alikuwa mtu wa kwanza kunisikiliza kama mtaalamu, nikiwa binti mdogo nisiye na kitu isipokuwa cheti cha chuo cha ufundi na mdomo mpana. Nikampa pole, tukalia kidogo kila mmoja upande wake wa simu. Kisha, kama watu wanavyofanya msibani, akaanza kuniambia mambo ya kawaida ili asiendelee kulia. Akasema Baba ameondoka katikati ya shughuli: kituo cha mafuta kilikuwa kinabadilishwa matangi, ya zamani yameng'olewa, mapya yameshafukiwa ardhini. Walikuwa watie mafuta wiki ileile, ndipo mzee akazidiwa. "Sasa ndugu wamekubaliana mafuta yasitiwe mpaka arobaini ipite," akasema. "Biashara haifunguliwi juu ya msiba."

Nikageukia dirisha. Nje kulikuwa na wingu zito, na najua kwamba wingu likiwa zito Singida mjini, kule chini ya mteremko wa Sekenke mambo huwa makubwa zaidi. Matangi mapya, matupu, ndani ya udongo wa mbuga wa Shelui, wakati wa masika! Nilitaka kumuuliza swali moja tu, lakini ulimi ukakataa, kwa sababu mtu humpi pole mfiwa kwa kumuuliza habari za matangi. Nikamwambia kesho nakuja. Nikafunga begi huku nikijisema kwa sauti, mazoea ya mtu anayeishi peke yake: haiwezekani jambo lilelile litokee mara mbili kwenye uwanja mmoja.

Wazazi wangu na utoto wangu niviache kwenye sura hii. Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza siku Mzee Gunda aliponiajiri. Yeye alikuwa injinia mstaafu, ana ofisi ya chumba kimoja karibu na soko la Singida, yenye meza mbili na feni isiyozunguka. Ilikuwa miaka ile serikali imeshaachia biashara ya mafuta, na kila mfanyabiashara mwenye kiwanja kando ya barabara kuu alikuwa anachimba shimo. Zamani kituo cha mafuta kilikuwa kitu cha mjini, kina mlinzi na foleni. Ghafla kikawa kitu cha mtu yeyote mwenye ujasiri. Kampuni za bima na za mafuta zikaanza kutaka mtu wa kuwaambia kama mahali hapo ni salama: maji yanapita wapi, radi inapiga wapi, moto wa nyasi unatokea upande gani, upepo utaezua nini, na je, ardhi ya Bonde la Ufa ikitikisika, mabomba yatakatika? Mzee Gunda alizijua hizo kazi barabara, ila magoti yake yalikuwa yamegoma. Basi akanituma mimi. "Usiwaulize watu mvua ilinyesha kiasi gani," aliniambia siku ya kuondoka. "Waulize maji yalifika wapi. Hapo mtu atakuonyesha ukuta kwa kidole, na kidole hakidanganyi." Nimeishi kwa maneno hayo hadi leo, na yamenilisha vizuri.

Nilianzia Misigiri, nikateremka Sekenke, nikafika Shelui mwisho wa kiangazi, nikiwa nimeketi kwenye kibanda cha lori na levo yangu, chombo cha kupimia usawa wa ardhi, nimeipakata kama mtoto. Bwana Nassoro alikuwa mtu mrefu, mwembamba, kofia yake ya kufuma haikuwahi kutoka kichwani. Alikuwa na duka la jumla, ghala la alizeti, na sasa kituo cha mafuta kilichokuwa kinamaliziwa ng'ambo ya barabara. Alisema hanipeleki gesti, msichana peke yake kwenye mji wa malori, na akanipa chumba nyumbani kwake. Chumba chenyewe kilikuwa nusu stoo. Kitanda changu kilipakana na katoni za sabuni upande mmoja na madebe ya mafuta ya alizeti upande wa pili, na nilipolala nilinukia usafi bila kuoga. Dirisha lilitazama ua wa malori. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa jikoni, mwembamba, na kupitia ukuta huo nilisikia kila kitu kilichosemwa katika nyumba ile kwa mwaka mzima. Sikuwa natega sikio. Sikio lenyewe lilikuwa pale pale.

Aliyesemwa sana, na aliyesema sana, alikuwa Bi Mkubwa, mama yake Bwana Nassoro. Alikuwa ameletwa bara na mume akiwa mwali kutoka Pangani, na miaka yote hiyo ya vumbi haikumtoa Pangani hata kidogo. Nazi zake zilikuja na madereva. Kila dereva aliyetoka upande wa pwani alijua kwamba akipita Shelui bila nazi ya Bi Mkubwa, safari ijayo hapati chai. Kwa hiyo katika nyumba ile tulikula wali wa nazi na kuku wa kienyeji siku moja, na siku ya pili ugali wa uwele na mlenda, kwa sababu mke wa Bwana Nassoro alikuwa Mnyiramba na hakukubali kushindwa jikoni mwake. Zuhura, binti yao, alikuwa bado shuleni wakati huo. Alinifuata kiwanjani kila jioni kushika ile miti ya kupimia. Bi Mkubwa alinitazama siku ya kwanza nilipomwamkia. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu. Ndiwe fundi?" "Ndiye mimi." "Hebu geuka." Nikageuka. "Mh! Fundi gani hana makalio. Njoo ule."

Kazi niliifanya vizuri. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu ni kweli na kwa sababu waliokuwepo wanazidi kupungua. Nilizunguka kiwanja kile na vitongoji vya jirani nikiuliza maji yalifika wapi, na wazee wakanionyesha kuta kwa vidole. Nilifyekesha nyasi zote nyuma ya uzio, ambazo kiangazi wachungaji walizichoma kila mwaka bila kuuliza nani kajenga nini. Bomba la kutolea mvuke wa mafuta lilikuwa linaishia mbele ya pua ya mama lishe mmoja aliyekaanga chapati kwa moto wa kuni. Nikalihamishia ukutani, juu kabisa. Nikaweka fimbo ya radi. Lakini kilichonikosesha raha kilikuwa chini ya miguu yangu. Kiwanja kilichaguliwa kwa sababu kilikuwa tambarare na malori yangegeuka bila shida, na kilikuwa tambarare kwa sababu ni njia ya maji yanayotoka Sekenke kwenda mbuga ya Wembere. Shimo lilichimbwa kiangazi, kavu kabisa. Matangi mawili makubwa ya chuma, moja la dizeli na moja la petroli, yalilazwa humo bega kwa bega, yakafukiwa kwa mchanga. Sasa, udongo wa mbuga ukishiba maji haupitishi hata tone. Mchanga ulio katikati yake unabaki kama umewekwa ndani ya sufuria. Mvua ikija, sufuria inajaa. Na tangi tupu ndani ya sufuria iliyojaa maji halilali; linainuka.

Nilimwambia Bwana Nassoro yote hayo pale barazani, na alinielewa. Kuyang'oa ilikuwa haiwezekani tena mwaka ule. Ila dawa ilikuwepo, rahisi: matangi yote mawili yajazwe mafuta kabla ya mvua kubwa, uzito wake uyakandamize, na kiangazi kijacho tuyafunge kwa mikanda ya chuma kwenye zege. Akaagiza mafuta. Dizeli ikaja, ikashushwa, dua ikasomwa, watu wakala pilau. Petroli ikakwama. Lori lilivunjika ekseli huko Issuna, likakaa, na lilipokuja kufika Shelui mwezi ulikuwa umeandama: mfunguo tano umeingia.

Kwa asiyejua, watu wa pwani huihesabu miezi tangu Ramadhani inapoisha, na mwezi wa tano katika hesabu hiyo wengi wa zamani waliuogopa. Jambo likianzwa mfunguo tano halisimami, ndivyo Bi Mkubwa alivyolelewa, na ndivyo alivyoendesha nyumba ile. Katika mwezi huo hakuna aliyeoa, hakuna aliyehama, hata kitenge kipya hakikukatwa. Nilimsikia kupitia ukuta wangu siku lori lilipofika. "Dizeli mlianza mfunguo nne, sawa. Hiyo petroli ni mlango mpya. Mlango mpya mfunguo tano? Nassoro, mimi nikiwa hai?" Na Bwana Nassoro, mtu aliyekuwa akibishana na matajiri wa Mwanza mpaka wanaomba maji, akajibu taratibu, "Basi, mama." Lori likaendelea na safari kwenda Nzega na petroli yetu. Tangi la petroli likabaki tupu.

Mwanzoni sikuogopa sana, maana mvua za mwaka ule zilikuwa zimeanza kwa kusuasua zikakatika. Watu walishasema basi tena. Kisha joto likapanda, upepo ukageuka, na mawingu yakaanza kukaa juu ya Sekenke mchana kutwa bila kuondoka. Nilimfuata Bwana Nassoro dukani. Nikamwambia kama mafuta hayawezi kutiwa, tutie maji. Tangi lijae maji mpaka mfunguo sita, halafu tuyavute, tulikaushe, tutie petroli. Wataalamu hufanya hivyo kila mahali. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue kofia. "Binti yangu, unajua neno baya kuliko yote kwenye biashara hii? Maji. Dereva akisikia tu kwamba Nassoro katia maji kwenye tangi la petroli, hata kama ni kweli nimeyatoa, hata kama nimelipangusa kwa shuka la mama yangu, hatasimama hapa maisha yake yote. Atapita anapiga honi." Na hapo alikuwa na haki. Miaka ile petroli ya kuchanganywa ilikuwa ugonjwa wa nchi nzima. Kwa hiyo upande mmoja mama hataki mafuta, upande wa pili mtoto hataki maji, na katikati chuma tupu kikubwa kuliko chumba changu, kimelala bega kwa bega na tangi lililojaa dizeli. Likiinuka hilo tupu litang'oa mabomba na kulipasua la jirani, na dizeli itafuata njia ya maji hadi kwenye visima vya kina mama wa bondeni. Bwana Nassoro alikuwa ameweka kila alichokuwa nacho pale. Ghala la alizeti lenyewe lilikuwa rehani.

Nikaamua kwenda kwa mwenye nyumba. Bi Mkubwa alikuwa jikoni anakuna nazi, mbuzi yake ameikalia, Zuhura anapembua mchele. Sikumweleza habari za udongo. Nilichukua beseni, nikaweka kopo la maziwa ya unga lililokwisha, mfuniko umekazwa, nikalifukia kwa mchanga mpaka halionekani. Kisha nikamwomba Zuhura amimine maji polepole. Maji yakazama, mchanga ukalowa, ukatulia. Bi Mkubwa akaacha kukuna. Kwa kitambo hakuna kilichotokea na nikaanza kuona aibu. Ghafla mchanga ukapasuka, kopo likachomoza kichwa, likalala ubavu, likaelea. Zuhura akapiga kelele. Bi Mkubwa akalikandamiza kwa kiganja, likarudi juu. Akalikandamiza tena.

"Na likiwa limejaa?" akauliza. Nikafungua kopo, nikalijaza maji, nikalifukia tena. Safari hii halikusogea. Akafikiri huku akilamba chicha kwenye kidole. "Maji si biashara," akasema hatimaye. "Maji si mlango. Mfunguo tano tunakunywa maji, tunaoga, tunatawadha. Jazeni maji." Nikamwambia kwamba mwanawe hataki, nikamweleza kuhusu madereva. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu Nassoro huyu! Anataka kuficha, ndiyo maana anaogopa. Anayetaka kukuibia hutia maji gizani. Sisi tutatia mchana, saa ya chakula, malori yote yakiwa hapa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake adhuhuri, uwanja ukiwa umejaa malori na pikapu, boza la maji la mkandarasi wa barabara likaja likarudi nyuma hadi kwenye mdomo wa tangi. Nyuma yake ikafuata mikokoteni ya punda yenye madumu. Bi Mkubwa aliketi kwenye kiti katikati ya uwanja, baibui lake jeusi na mwavuli wa maua, yeye aliyekuwa havuki barabara ila kwa mazishi. Masanja, dereva wa pikapu ya mnunuzi mmoja wa ngozi, mtu wa Shinyanga mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akasimama akashika kiuno. "Ooo! Leo tumeona kwa macho! Kumbe mwezi ujao tutauziwa maji kwa bei ya petroli!" Madereva wakaangua kicheko. Bwana Nassoro alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Weye Masanja," Bi Mkubwa akasema, wala hakupaza sauti. "Umeshawahi kuona mwizi anakuita uje umwone?"

"Hapana, Bibi."

"Basi njoo karibu, uone vizuri. Na siku tukiyatoa, wewe ndiye utakayechungulia wa kwanza. Ukikuta tone, uje uniambie mimi, usimwambie Nassoro. Sasa shika dumu, umesimama bure."

Masanja akashika dumu. Wengine wakafuata kwa utani, utani ukageuka kazi. Mpaka jioni tangi lilikuwa limepita nusu, na boza halikurudi tena kwa sababu mkandarasi alilihitaji. Tuliendelea na punda kesho yake. Usiku ule wa kwanza, kabla ya kulala, nilikwenda kwenye ukuta ambako bomba la hewa la tangi la petroli, lile la kutolea mvuke, lilipanda, likiwa bado halijafungwa kwa vibanio. Nikachukua msumari, nikakwangua mstari mmoja ulionyooka, ukipita juu ya chokaa ya ukuta na juu ya rangi ya bomba. Bomba lilikuwa limeungwa kwenye tangi. Tangi likiinuka, bomba litainuka nalo, na mstari wangu utakatika vipande viwili.

Mvua haikutusubiri tumalize. Ilishuka siku hiyo ya pili, baada ya alasiri, kwanza juu Sekenke, ambako tuliona weupe tu na kusikia mngurumo, kisha kwetu. Maji ya mlimani yalifika baada ya muda mfupi, mekundu, yamebeba magogo na kandambili za watu. Uwanja ukawa ziwa. Mifuniko ya midomo ya matangi ikazama, chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mimi na Bwana Nassoro tulisimama ukutani tumelowa chapachapa, macho kwenye mstari. Ulikuwa mmoja. Ukaendelea kuwa mmoja. Kisha nikasikia chini ya miguu mlio mzito, kama mtu anayejigeuza kitandani, na kipande cha mstari kilichokuwa kwenye bomba kikapanda juu ya kile cha ukutani. Unene wa kidole. Bwana Nassoro akashika kichwa. "Linakuja," akasema. "Ya Rabi, linakuja."

Nilikuwa na umri ambao mtu hajui bado kwamba anaweza kushindwa, na ninaushukuru umri ule. Nilimwambia, "Maji ya kulijaza haya hapa, tumesimama ndani yake. Tufungue mfuniko." Akanielewa papo hapo, na papo hapo akakataa. "Na tope hili? Litaharibu tangi!" "Tope linafutwa. Tangi likitoka ardhini halirudi." Akayatazama maji. Mifuniko ilikuwa miwili chini yake, imefanana, mmoja wa dizeli. Kufungua usio wenyewe kulikuwa sawa na kumwaga dizeli bondeni kwa mikono yetu. Kutoka barazani ng'ambo ya barabara, Bi Mkubwa, ambaye hakuweza kusikia tulichosema lakini alitujua sote wawili, akapiga ukelele uliovuka mvua: "Nassoro! Msikilize mtoto!"

Niliingia mimi, spana mkononi, maji yakinifika mapajani. Nilikuwa nimekipima kiwanja kile kwa levo kwa miezi, nakijua kama chumba changu cha sabuni. Nikaegemeza mgongo kwenye bomba, nikatembea kufuata ukingo wa zege kwa vidole vya miguu mpaka kwenye kona, nikapiga magoti, maji shingoni, nikapapasa. Mfuniko wa petroli ulikuwa na sikio lililokunjika. Lori la matofali lililigonga siku za kwanza na Bwana Nassoro alikasirika wiki nzima. Nikalishika sikio lile lililokunjika. Bwana Nassoro akaja, tukashika spana wawili, tukazungusha.

Maji yakaanza kuvutwa chini yakiviringika, na wakati huohuo bomba la ukutani likaanza kupumua. Hewa yote iliyokuwa ndani ya tangi ilikuwa inakimbilia nje kupitia pale juu, ikapiga mluzi mkali uliosikika hadi kwa mama lishe. Madereva walitoka kwenye vibanda vya malori wakashangaa. Tulisimama tumeshikana mikono na Bwana Nassoro, jambo ambalo siku nyingine lisingewezekana, tukisikiliza mluzi ule ukishuka, ukishuka, ukawa pumzi, ukanyamaza. Tangi limejaa. Nikarudi ukutani. Kipande cha juu kilikuwa juu ya cha chini kwa unene wa kidole, uleule. Halikuinuka zaidi, si siku ile wala masika yale yote. Bwana Nassoro aliweka kidole chake pale, akakiacha, akalia bila kujificha. Bi Mkubwa alitupikia uji wa pilipili manga na akanipa khanga yake kavu, mpya kabisa, aliyokuwa ameifungia sandukuni mpaka mfunguo sita. "Hii nimeikata mwezi uliopita," akaniambia haraka, asije akaonekana amevunja mwiko.

Mfunguo sita ulipoandama tulivuta maji, mafundi wakaingia wakasugua tope na kukausha kwa vumbi la mbao na matambara. Masanja akachungulia wa kwanza, kichwa chote ndani, akatoka na vumbi la mbao usoni. "Kavu," akatangaza kwa sauti ile ya ng'ombe. Petroli ilipotiwa, fimbo ya kupimia ilipakwa ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, na kila dereva aliyetaka aliishika mwenyewe. Haikubadilika. Tangu hapo Shelui nzima ikakiita kituo kile Tangi la Maji, na neno ambalo Bwana Nassoro aliliogopa kuliko yote likawa ndilo linalosimamisha magari. Nilisikia makondakta wakilitamka miaka mingi baadaye, abiria wasiojua chochote wakishuka. Mwaka ule ndio ulionifanya mimi niwe mimi. Nilijifunza kwamba ukikuta watu wawili wamekataa, kila mmoja ana sababu, na kazi yako haijaisha mpaka uipate njia inayopita katikati ya sababu zote mbili.

Haya yote niliyapitia kichwani njiani kwenda matanga, mvua ikitufuata kuanzia Misigiri. Nilipofika nilivua viatu, nikaingia kwa wanawake, nikamkumbatia mjane, nikasoma nyuso. Bi Mkubwa alishatangulia zamani. Zuhura, sasa mama mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa anagawa kahawa. Nilijitahidi kukaa kwa adabu. Lakini bati la paa lilianza kupigwa na matone makubwa, nikashindwa. Nikainuka, nikavuka barabara na magoti yangu haya, ambayo siku hizi yananikumbusha ya Mzee Gunda, hadi kituoni. Zege lilikuwa jipya, mifuniko mipya, pampu zimefunikwa kwa turubai. Nikaenda moja kwa moja ukutani. Pale kwenye chokaa mstari wangu wa zamani ulikuwepo bado, umepakwa rangi nyekundu, rangi juu ya rangi ya miaka yote. Kila walipopaka ukuta chokaa waliuacha. Na kando yake lilipanda bomba jipya, na juu yake mtu alikuwa amekwangua mstari mpya kwa msumari, unaoingia ukutani bila kukatika.

Zuhura alikuwa amenifuata na mwavuli. Alikuwa amevimba macho, na alikuwa anatabasamu.

"Baba alisema utakuja mbio," akasema. "Alisema, akifika, mwambieni atulie."

"Ndani mna nini, Zuhura?"

"Maji, dada. Alipojiona anaumwa aliyaagiza, akasimamia mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha Bibi." Akanifunika kwa mwavuli vizuri. "Tulitia mchana."